Sahihi Tatu za Mwalimu Jumwa

Kwenye Shirikisho la Jimnastiki na Sarakasi huruhusiwi kusema neno mkutanoni mpaka utie sahihi. Jambo hilo limo katika katiba, kifungu cha tisa: asiyetia sahihi hana sauti. Wala si sahihi moja. Ni tatu, katika karatasi tatu zilizopigwa mistari na kuachwa tupu upande wa juu. Moja ya tawi, moja ya makao makuu, moja ya wizara. Ukiuliza mbona juu hakujaandikwa kitu, utaambiwa kitaandikwa mkutano ukiisha. Ukizidi kuuliza, wajumbe watakutazama kama mtu aliyefika matangani akataka kujua chakula kimepikwa na nani.

Jumwa Lewa hakuuliza. Angeulizaje, na kifungu cha tisa alikiandika yeye?

Jumamosi hiyo ya mwezi wa Julai alitoka kwake Bofu, huko Likoni, asubuhi, akavuka feri, akafika Magongo jasho likimtiririka, mkobani ana barua moja. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na magoti yaliyokwisha kazi, maana ujana wake wote aliutumia kuruka. Ofisi ya Shirikisho iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya malori, na ngazi zile alizipanda akipumzika kila hatua ya tatu. Mlangoni alikaa Agneta, katibu wa siku hizi, na kalamu imefungwa uzi mguuni mwa meza isije ikaibiwa.

“Shikamoo, Mwalimu. Leo wewe ndiwe wa kwanza. Tia hapa, na hapa, na hapa.”

“Marahaba, mwanangu.”

Jumwa akatia. Jina lake likakaa mstari wa kwanza katika karatasi zote tatu, kwa ule mwandiko wake wa mviringo ambao wazazi wa Likoni wanaujua hata gizani, kwa kuwa ndio uliowaandikia ripoti za watoto wao kwa miaka ishirini na zaidi.

Barua ya mkobani ilikuwa ya Ruth, mama yake Mbeyu. Mbeyu ana miaka kumi na minne, na mpaka Aprili ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wasichana wote anaowafundisha Jumwa katika ukumbi wa Bofu. Likizo ya Aprili alichukuliwa pamoja na wenzake kwenda kambi ya timu ya taifa huko Nairobi, chini ya kocha aitwaye Maxwell. Siku ya tatu kocha akaona Mbeyu akipiga msamba haufiki chini. Akamkalia mgongoni. Mwanamume wa kilo tisini alimkalia mtoto mgongoni ili miguu ifunguke, na kitu kikakatika nyongani kwa mlio uliosikiwa na wenzake. Mbeyu alipolia akaambiwa huo ni uvivu, akafanyishwa mazoezi siku nne zaidi. Sasa anatembelea mikongojo. Daktari amesema kuruka asahau, na kutembea bila mikongojo, tutaona.

Agosti kambi ilikuwa inarudi, na wasichana saba wa Likoni walikuwa wameitwa. Jumwa alitaka jambo moja tu katika dunia hii: Maxwell asiwaguse hao saba. Alimwapia Ruth, mkono juu ya Biblia ya Ruth mwenyewe, kwamba hawatapanda basi na mtu yule.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, maana kisa hiki hakikuanzia kwa Maxwell, ingawa ingekuwa raha kusema hivyo.

Shirikisho lilizaliwa mchangani. Zamani hizo vijana wa Likoni walikuwa wakiwachezea sarakasi wageni wa hoteli za Shelly Beach. Walipandiana mabegani mpaka mnara wa watu ukasimama, na juu kabisa akawekwa msichana mwembamba wa kupunga mkono. Msichana huyo alikuwa Jumwa. Aliyekuwa chini kabisa, amewabeba wote, alikuwa Fondo, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Ni Fondo aliyesema tusiishie kuwachekesha watu wanaoota jua, tufundishe watoto, tuwe na chama kinachojulikana na serikali. Akatoa ua wake pale Bofu. Wakakaa juu ya vinu na ndoo zilizofudikizwa, wakaandika katiba kwenye daftari la kurasa tisini na sita. Fondo akawa mwenyekiti. Jumwa akawa katibu, kwa kuwa ndiye peke yake aliyemaliza kidato cha nne. Fondo hakujua kuandika hata jina lake. Jumwa alimfundisha kwa wiki mbili, kwa mkaa, juu ya mlango wa jiko, mpaka zile herufi tano zikanyooka.

Chama kikakua, kikavuka maji. Wajumbe wa Kisauni na Changamwe wakaingia, mikutano ikahamia upande wao, na hapo ikaja taabu ya feri. Watu wa Likoni ikifika saa tisa hawatulii tena vitini, maana ukichelewa, foleni ya jioni itakumeza. Waliondoka kabla mkutano haujaisha, na mwezi uliofuata wakakana kila kitu: hatukuwepo, hatukukubali, hatujui. Jumwa akabuni dawa. Watu watie sahihi wakiingia, nakala tatu, na katibu ataandika juu yake yaliyoamuliwa. “Sahihi kwanza, maneno baadaye,” alikuwa akiwaambia kwa kucheka, nao wakacheka, kwa kuwa walimwamini. Kwa miaka minane hakuandika neno ambalo halikusemwa.

Mwaka wa tisa akaliandika.

Alikuja Dishon Kyalo, mtu wa ofisi za bandarini, tai shingoni na joto lote lile. Alizijua njia za Nairobi. Alisema Shirikisho litakuwa la taifa zima, watoto watapata boriti za mazoezi na magodoro ya kweli badala ya magunia ya makumbi ya nazi, lakini mwenyekiti asiyejua kusoma atatutia aibu. Hakumwambia Fondo. Alimwambia Jumwa, kwa upole, siku moja Fondo akiwa ameshateremka kuwahi feri na sahihi yake imebaki mezani. Jumwa akaandika kwamba Mzee Fondo amejiuzulu kwa hiari yake, na mkutano ukamshukuru. Alijiambia ni kwa ajili ya watoto. Watu wakitaka kutenda ovu la kudumu huwa hawakosi watoto wa kulitendea.

Fondo alisomewa karatasi ile na jirani. Akaenda kwa Jumwa, asipige kelele. Aliitazama sahihi, akaipitisha kidole, akasema, “Ni yangu kweli. Wewe ndiwe uliyenifundisha.” Akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Hakukanyaga tena ukumbini mpaka alipokufa mwaka juzi. Magodoro yalikuja, manne. Dishon akakaa kitini, na huu ni mwaka wa kumi na tisa hajashuka. Jumwa alidumu katika ukatibu miaka mitatu tu baada ya hapo, kisha akapokea barua ya kumjulisha kuwa ameamua kupumzika. Akabakishiwa ujumbe wa Likoni na watoto wake.

Utasema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, mbona basi Jumwa alitia tena? Alitia kwa sababu asiyetia hana sauti, na siku hiyo aliihitaji sauti kuliko alivyowahi kuihitaji. Tena, tuseme ukweli, mkono uliozoea huenda wenyewe.

Dishon alimpokea kwa mikono miwili. Siku hizi nywele zimekuwa nyeupe na tai bado iko.

“Mwalimu wetu! Jambo lako ni zito. Nitaliweka la kwanza.”

Akaliweka la kwanza kweli. Jumwa akasimama mbele ya wajumbe ishirini akaisoma barua ya Ruth mpaka mwisho, na alipofika pale pa mlio wa nyonga, Mwarandu, mjumbe wa Kisauni, mtu mzima mwenye wajukuu, alivua miwani akajifuta macho. Dishon hakungoja. Akauliza nani wanakubali kocha Maxwell asimamishwe, na mkono wake mwenyewe ukawa wa kwanza kupanda. Jumwa akaihesabu mikono. Yote ilikuwa juu.

“Imepita,” Dishon akasema. “Agneta, andika.”

Agneta akainama, na kalamu ikaenda. Jumwa aliiona kwa macho yake ikienda. Yakafuata mambo mengine marefu, ya jezi na ya mashindano ya majimbo, na saa tisa ilipogonga Dishon mwenyewe ndiye aliyeitazama saa kwa niaba yake.

“Mwalimu, feri. Usije ukasimama foleni na magoti hayo. Yaliyobaki ni ya ofisi tu.”

Moyo wake ukalainika kwa kuwa ameyakumbuka magoti yake. Akaaga, akashuka. Juu ya feri alijikuta akitabasamu peke yake kama mwali. Alipovuka akanunua achari za maembe, zile nyekundu azipendazo Mbeyu, akapita kwa Ruth kabla ya kufika kwake.

“Amesimamishwa,” alisema mlangoni, hata hodi hakupiga. “Mikono yote, Ruth. Yote.”

Ruth alikaa chini sakafuni akalia, na Mbeyu akala achari mpaka midomo ikawa myekundu.

Wiki mbili zikapita. Siku ya Alhamisi Ruth akaja kwa Jumwa na simu mkononi. Taarifa ya mkutano ilikuwa imetumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, pamoja na ratiba ya safari ya Jumatatu.

“Nisomee, Dada Jumwa,” Ruth akasema. “Labda macho yangu yana ila.”

Jumwa akasoma. Mkutano umeamua kwa kauli moja kocha Maxwell aendelee kuongoza timu ya taifa. Aliyependekeza ni Mwalimu Jumwa Lewa, mjumbe wa Likoni. Malalamiko ya mzazi mmoja yamejadiliwa na kuonekana ni kutoelewana. Chini yake zikafuata sahihi ishirini na moja, na ya kwanza, ya mviringo, nzuri kuliko zote, ilikuwa yake.

“Hiyo ya juu ni ya nani?” Ruth akauliza.

“Ni yangu kweli,” Jumwa akasema, na palepale akamsikia Fondo. Maneno yalikuwa yaleyale, naye akainuka akanywa maji kama Fondo siku ile.

Alijaribu kueleza. Ruth alisikiliza huku akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesubiri mvua ipungue ili aondoke.

“Mwanangu alikula achari zako,” akasema mwishowe. “Alikula akamshukuru Mungu.”

Jumwa akampigia Dishon. Dishon akaipokea simu mara moja, wala hakujificha. Watu wa aina hiyo hawajifichi.

“Mwalimu, ulipoondoka mjadala ulifunguliwa upya. Kifungu cha kumi na moja kinaruhusu. Hukuwepo kupinga.”

“Na hilo la kwamba nimependekeza mimi?”

“Hapo pengine Agneta aliteleza. Lete malalamiko yako kwa maandishi mkutano wa Oktoba, tutayatazama.”

“Dishon, watoto wanaondoka Jumatatu!”

“Basi Oktoba watakuwa wamesharudi,” alisema, na sauti yake ilikuwa na upole uleule wa miaka kumi na tisa iliyopita.

Akampigia Mwarandu, yule aliyelia. “Mimi nilitia sahihi tu, dada,” Mwarandu akasema. “Kama wewe.”

Jumatatu basi lilisimama mbele ya ukumbi wa Bofu tangu saa moja asubuhi. Wasichana saba walikuwa wamesukwa nywele upya, mabegi mgongoni, wakisukumana kwa furaha. Wazazi waliomba ruhusa kazini wakaja kuwaaga. Maxwell alikuwa mlangoni mwa basi na faili kwapani, akiwataja wasichana kwa majina na kuwatania, kijana mtanashati wa kupendeza, na ungemwona hivyo ungemkabidhi hata wako.

Mbeyu alikuja na mama yake. Hakuna aliyemtuma. Alikwenda kwa mikongojo yake mpaka kwenye ngazi ya basi, akageuka akawaelekea wazazi, na mtoto yule aliyekuwa na haya hata ya kuitika abee akasema kwa sauti ya kusikika:

“Alinikalia mgongoni. Nilimwambia inauma. Nilimwambia mara nyingi. Akasema akiinuka nitakuwa nimejifunza uvivu. Mlio ulipotoka aliusikia, na hakuinuka.”

Msichana mmoja, Lynnette, aliyekuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi, akaushusha. Maxwell akatikisa kichwa kwa huzuni.

“Pole sana, Mbeyu. Kila siku nakuombea. Ajali ni ajali.”

Mama yake Lynnette anaitwa Faith, na anafanya kazi kiwandani Changamwe. Alimwendea Mbeyu akamshika bega, tena kwa upendo.

“Pole, mwanangu. Mimi nitakwambia ukweli. Wiki iliyopita nilikuwa nimeamua Lynnette haendi. Nilishamfungulia begi. Halafu nikaiona ile taarifa, nikaona sahihi ya Mwalimu juu kabisa. Nikasema, Mwalimu Jumwa amekulea wewe kama amekuzaa. Angekuwa huyu kocha ni mtu mbaya, Mwalimu asingemtilia sahihi. Basi nikalifunga begi tena.”

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Na wao vilevile; na wao waliiona wakatulia. Mbeyu akamtazama mwalimu wake.

Jumwa alikuwa amesimama katikati yao. “Msiwapeleke,” akasema. “Nawaomba kwa jina la Mungu. Mkutanoni nilisema asimamishwe, mikono ikapanda yote, halafu wakaandika kinyume.”

Baba mmoja, dereva wa malori ya bandari, akainua simu yake. “Sahihi hii, Mwalimu, ni yako au si yako?”

Angeweza kudanganya. Neno moja tu, kwamba wameighushi, na pengine Mungu angemsamehe. Lakini mwandiko ule ulikuwa umetundikwa kwenye kuta za nyumba zao wote, na yeye maisha yake yote alikuwa akiwafundisha watoto wao kusema kweli.

“Ni yangu. Lakini nilitia kabla hakujaandikwa kitu. Ndivyo tunavyofanya.”

Yule baba akacheka kidogo, si kwa ubaya. “Wewe, Mwalimu? Utie sahihi karatasi tupu?” Akawageukia wenzake, na Jumwa akaona nyusoni mwao kwamba amekwisha. Ukweli wake ulikuwa wa kijinga mno kusadikika. Walidhani ameona haya mbele ya Ruth, ndiyo maana anayakana leo aliyoyakubali jana. Faith akambusu Lynnette, na Lynnette akapanda. Wakapanda saba.

“Bado moja tu,” Maxwell akasema, akaja na faili. “Mwalimu wa klabu atie sahihi kwamba amenikabidhi watoto. Si unajua kanuni.”

Aliijua. Kanuni ya makabidhiano pia ilikuwa yake: mtoto haondoki klabuni bila mkono wa mwalimu wake. Jumwa akaiweka mikono nyuma ya mgongo, kama watoto wanapokaguliwa kucha.

“Sitii.”

“Mwalimu, tutachelewa feri.”

“Sitii. Bila sahihi yangu basi hili haliondoki. Lete askari, lete Dishon, lete nani. Sitii.”

Dereva akazima injini. Wazazi wakaanza kunong'ona, na Faith akapiga hatua kuelekea basi akitazama dirisha la mwanawe. Kwa muda ule mfupi Jumwa alihisi kitu alichokuwa hajakihisi tangu siku za mchangani, mguu umepata bega la kusimamia. Ruth naye akasogea, akaja kusimama ubavuni pake.

Maxwell hakukasirika. Alifungua faili, akapekua bila haraka, akatoa karatasi iliyopigwa mistari. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la mviringo, na chini yake wajumbe wengine wote wa ile Jumamosi. Juu palikuwa patupu. Akaiweka kwenye ubavu wa basi, akatoa kalamu mfukoni, akaandika mbele ya macho yao wote: *Tumekabidhi watoto saba wa Likoni kwa kocha wa timu ya taifa.* Akaipuliza wino ukauke.

“Haidhuru, Mwalimu,” akasema. “Ulishasaini.”

Akamwonyesha dereva, na dereva akawasha. Mtu mmoja angesema neno wakati ule, mmoja tu, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini wazazi waliiona sahihi kwa mara ya pili, na mtu akishaamini kitu mara mbili huona haya kuacha. Faith alirudi nyuma gari lipite. Maxwell alipokuwa akilifunga faili Jumwa aliiona humo ile karatasi ya tatu, juu bado tupu, jina lake mstari wa kwanza, na Mbeyu aliiona pia.

Basi likaondoka kuelekea feri. Lynnette alikuwa ametoa mkono dirishani, akiwapungia.

Watu wakatawanyika kwenda kazini. Ruth akamfunga Mbeyu kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea, kisha akatangulia kumtafutia tuktuk. Mbeyu akabaki na mwalimu wake kwenye kivuli cha ukumbi, mikongojo imeegemezwa ukutani. Hakuwa na hasira, na hilo Jumwa hakuweza kulistahimili.

“Mwalimu.”

“Abee, mwanangu.”

“Ile karatasi moja iliyobaki, juu yake wataandika nini?”

Jumwa akakitazama kidole chake cha shahada, kile cha kushikia kalamu, na wino wa ile Jumamosi ulikuwa umekwisha kutoka zamani.

“Sijui,” akasema. “Nimeshaikubali, lakini sijui.”